Kabla ya Kwenda Chuo cha Ualimu, Mtafute Mtoto Mmoja Umfundishe

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya vijana waliomaliza kidato cha nne, wazazi na walimu, katika mkutano wa wadi kuhusu elimu na kazi uliofanyika eneo la Kinango. Tunayachapisha kwa ombi la wazazi ambao hawakuweza kufika.



Wengi wenu mnanijua kama yule dada wa kamera. Kazi yangu huwa ni kuandika hotuba za wengine, kisha nasimama pembeni nikihesabu mistari iliyorukwa. Leo nimeambiwa nisimame mimi. Idara ya elimu ilipotafuta mtu wa kuzungumza na vijana wanaotaka kuwa walimu wa shule za msingi, nilisema hapa kuna walimu waliofundisha miaka thelathini, waulizeni wao. Nikajibiwa kwamba wao watajibu maswali yenu baadaye, lakini mimi niwaeleze nilivyoshindwa. Basi nitaeleza.

Kabla ya hapo niondoe jambo moja njiani, maana naulizwa kila mkutano: kaunti itaajiri lini walimu wa shule za msingi? Haitaajiri. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo anuwai vya vijijini na vituo vya kulea watoto. Shule ya msingi iko chini ya serikali ya kitaifa, na anayesajili walimu wake, kuwaajiri na kuwahamisha ni Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC. Kwa hiyo mtu akikupigia simu kwamba ameona jina lako kwenye orodha ya kaunti ya walimu wa Gredi ya 4, na kilichobaki ni umtumie kitu kidogo ili faili isogee, huyo ni tapeli. Usibishane naye, kata simu. Kaunti inaweza kukusaidia kwa basari, na inaweza kukufungulia mlango wa shule zake za chekechea ukiomba kwa utaratibu. Nitarudi hapo.

Sasa chuo chenyewe. Tangu 2021, anayeingia chuo cha ualimu wa shule za msingi anasomea diploma kwa miaka 3. Kile cheti cha P1 cha miaka 2 ambacho shangazi zenu na wajomba zenu walikwenda kukichukua Shanzu kiliondolewa. Masharti ya gredi za kuingilia nayo yamewahi kubadilishwa, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako. Usitegemee aliyoambiwa binamu yako alipojiunga.

Kuna jambo jingine ambalo pengine hamjalifikiria. Nyinyi mliokaa hapa ni kati ya watu wa mwisho kupita 8-4-4. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Mtaala wa umilisi ulianza kutumika kote nchini mwaka 2019 katika madarasa ya chini, na umekuwa ukipanda darasa baada ya darasa. Maana yake ni kwamba shule utakayofundisha si ile uliyosomea. Sisi tulinakili ubaoni, tukakariri, tukapewa alama juu ya mia. Mtoto wa leo anatakiwa aonyeshe anachoweza kufanya, na mwalimu anaandika kama amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia, au yuko chini yake. Huwezi kuandika hivyo juu ya mtoto usiyemjua. Kwa hiyo usipojizoeza mapema, utafundisha jinsi ulivyofundishwa, kwa sababu ndiyo njia pekee iliyo kichwani mwako. Mimi nilifanya hivyo hivyo.

Nilipomaliza kidato cha nne, nikisubiri matokeo, shule moja ya msingi karibu na nyumbani ilikuwa na upungufu wa walimu. Kamati ya wazazi ikanichukua. Kila mzazi alichanga kidogo, nami nikapewa darasa la tatu, watoto sitini na wanane. Nilikuwa najua Hisabati. Nilikuwa mtu wa kusaidia wenzangu bwenini usiku wa kuamkia mtihani. Nikadhani kazi imekwisha: najua, nitasema, watajua.

Wiki ya tatu tukafika kwenye kutoa kwa nambari za tarakimu mbili. Nikaandika ubaoni 42 toa 17. Nikafanya mfano mmoja, nikafanya wa pili, nikauliza mmeelewa, wakaitikia ndiyo mwalimu kwa sauti ya kuezua paa. Nikatoa zoezi. Niliposahihisha, zaidi ya watoto ishirini walikuwa wameandika 35.

Nikapiga mikasi. Kesho yake nikafundisha vilevile, kwa sauti kubwa zaidi. Wakaandika 35. Kulikuwa na msichana mmoja mdogo aliyekaa dirishani, mwandiko wake mzuri kuliko wangu, naye kila hesabu ya aina hiyo aliikosa kwa njia ileile. Nikamhamishia nyuma. Nikamwandikia mama yake barua kwamba mtoto hajitahidi. Baadaye akawa haji siku tulizoanza na Hisabati. Mimi nikaona nimepata ushahidi wa barua yangu.

Ilinichukua miaka mingi kujua kilichotokea. Nilikuwa tayari nimeajiriwa, niko nyumbani kwa kaka yangu Jumapili moja, mwanawe akaniletea daftari. Hesabu ileile: 42 toa 17. Jibu lilelile: 35. Safari hii hapakuwa na watoto sitini na wanane, na hapakuwa na kengele. Nikamuuliza, hii tano umeipataje? Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji ni maji. Akasema, "Saba toa mbili, shangazi. Huwezi kutoa kubwa kwenye ndogo."

Nikanyamaza. Kwa sababu maneno hayo niliyajua. Ndiyo maneno niliyokuwa nimewaambia wale watoto siku ya kwanza, wakati tunafanya zile rahisi: siku zote toa ndogo kwenye kubwa. Wakanitii. Walipofika kwenye 42 toa 17, wakatazama upande wa kulia, wakaona mbili na saba, wakatoa ndogo kwenye kubwa, wakapata tano. Wakatazama kushoto, nne toa moja, tatu. Yule msichana wa dirishani alikuwa anajitahidi. Alikuwa anafuata sheria yangu kuliko mtoto yeyote darasani, na mimi nilimwandikia mama yake barua.

Leo ni mtu mzima. Sijui aliko.

Ndiyo maana katika stadi zote nitakazotaja, hii naiweka mbele: kusoma kosa la mtoto. Kosa ni habari. Mtoto akikupa jibu lisilo sahihi, mara nyingi amefuata njia fulani, na kazi yako ni kuijua njia hiyo. Stadi hii huwezi kuianzia ukiwa mbele ya darasa kubwa katika mazoezi ya kufundisha, mkufunzi amekaa nyuma na kalamu yake. Utaianza na mtoto mmoja, nyumbani, sasa.

Mtafute mmoja. Awe mdogo wako, mtoto wa jirani, mtoto wa dada yako, wa Gredi ya 2 au ya 3. Nusu saa, mara tatu kwa wiki. Mpe hesabu au mpe aya asome, akikosea usiseme umekosea. Sema, "Nionyeshe ulivyofanya." Sema hivyo hata akipatia, la sivyo atajua kwamba swali hilo ni jina jingine la kosa. Kisha kaa kimya umsikilize. Jioni andika katika daftari lako: alikosea nini, alikuwa anafikiri nini, nilijaribu nini, ilisaidia au la. Miezi mitatu ya daftari la namna hiyo itakufaa chuoni kuliko begi jipya.

Na ukitaka kujua nilivyomsaidia mtoto wa kaka yangu, sikumsaidia kwa ubao. Tulikwenda nje tukaokota vijiti. Tukafunga mafungu manne ya kumikumi kwa uzi, na viwili tukaviacha. Hiyo ndiyo 42. Nikamwambia nipe vijiti saba. Akanipa viwili, akakwama. Akayatazama mafungu. Sikusema kitu, na kunyamaza huko kulinigharimu. Mwishowe akauliza, "Naweza kufungua hili?" Fungua. Akawa na mafungu matatu na vijiti kumi na viwili. Akanipa saba, vikabaki vitano. Nikamwambia bado unanidai, hapana, mimi ndiye nakudai fungu moja. Akanipa. Yakabaki mafungu mawili na vijiti vitano. 25. Akacheka.

Shuleni tunaita hiyo kukopa. Mimi silipendi neno hilo. Hakuna aliyekopa na hakuna atakayelipa, ni fungu limefunguliwa tu. Lakini hilo waamue walimu wenye miaka yao.

Niliposema kunyamaza kulinigharimu, sikuwa natania. Kwa mtu anayejua jibu, kusubiri ni kazi ngumu. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alipima jambo hili miaka ya 1970. Alikuta walimu wengi wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumrukia mtoto mwingine au kujijibu wenyewe. Walipozoezwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yakawa marefu, na watoto waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Sekunde tatu. Katika uanahabari tunafundishwa jambo lilelile kwa sababu tofauti: ukiuliza swali na ukanyamaza, anayehojiwa hukuambia yale ambayo hakupanga kusema. Jaribu leo jioni mezani. Muulize mtoto swali, hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, nne. Utaona wewe ndiye wa kwanza kutapatapa.

Sauti nayo inafunzwa. Mwalimu wa msingi anazungumza tangu asubuhi hadi mchana, siku tano, mbele ya watoto ambao nusu yao wanasikiliza ndege nje. Wanaoanza hupiga kelele, na kufikia Alhamisi sauti imekauka. Tulipokuwa tunajifunza kusoma taarifa redioni, mkufunzi wetu alikuwa anatusimamisha uani na kutwambia tusome bila kupaza, lakini aliye kwenye lango asikie. Siri ni kuvuta pumzi kutoka tumboni, kufungua mdomo, na kutamka mwisho wa neno. Wewe huhitaji mkufunzi. Msomee mtoto hadithi kwa sauti kila usiku, ukimwonyesha kwa kidole maneno unayoyasoma. Soma ukibadilisha sauti ya fisi na ya sungura. Ukiona haya kufanya hivyo mbele ya mtoto mmoja wa miaka saba, hebu fikiria utakavyokuwa mbele ya hamsini.

Na tusidanganyane: wengi wetu tuliopata alama nzuri za Kiswahili katika KCSE hatuwezi kusoma ukurasa mmoja kwa sauti bila kujikwaa. Tunasoma kama tunahesabu mifuko ya saruji. Mtoto akisikia hivyo ndivyo atakavyosoma.

Vilevile mwendee bibi yako. Najua sasa hivi nyumba nyingi zina simu tatu na hakuna anayesema paukwa. Lakini mwalimu wa Gredi ya 1 asiyekuwa na ngano kumi kichwani, vitendawili ishirini na michezo ya kuimba watoto wakiwa wamesimama atapata taabu sana saa tano mchana, jua kali, wakati kitabu kimekwisha kuwachosha. Kusanya sasa, wakati wenye nazo wapo. Ziandike, na uzizoee kuzisimulia, kwa sababu ngano iliyo daftarini bado haijawa yako.

Hapo naingia kwenye lugha. Sera ya elimu inataka mtoto wa chekechea hadi Gredi ya 3 afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Hapa Kinango mtoto anakuja shuleni na Kiduruma, kule Msambweni anakuja na Kidigo, Ukunda pale anakuja na Kiswahili na nusu ya lugha za Kenya. Mtoto anayejua tahu na tsano anajua kuhesabu. Anachokosa ni majina mengine ya tatu na tano. Mwalimu asiyejua hilo atasema mtoto huyu hajui lolote. Wewe uliyezaliwa hapa una bahati hiyo, usiione haya. Lakini usiitegemee peke yake, kwa sababu TSC inaweza kukupeleka Turkana au Kuria, mahali ambapo wewe ndiye utakayekuwa kama yule mtoto. Kwa hiyo jizoeze kujifunza lugha ya mwenzako. Una jirani Mkamba pale kituoni Samburu? Muulize maneno kumi kwa wiki. Pia mtafute mwenye kujua lugha ya ishara ya Kenya akufundishe angalau salamu, majina na rangi. Utakutana na mtoto kiziwi katika darasa la kawaida, na siku ya kwanza ukimsalimu kwa mikono atakukumbuka.

Kuhusu ubao sina mengi, ila tafuta kipande cha ubao bapa, kipake rangi nyeusi, nunua chaki. Andika sentensi kumi kila siku. Unatafuta mambo mawili: mstari usiopanda mlima, na uwezo wa kuandika huku bega limegeukia watoto. Mwalimu anayewapa watoto mgongo kwa dakika tano akigeuka hukuta darasa jingine. Angalia pia herufi zako. Mwandiko wa haraka wa kidato cha nne, ambao a inafanana na u na r inafanana na v, hauwezi kusomwa na mtoto anayejifunza herufi kwa mara ya kwanza.

Sasa, Hisabati. Naona kuna mnaotazama chini. Kuna kijana aliniambia wiki iliyopita kwamba anataka ualimu wa msingi kwa kuwa huko atakwepa Hisabati na kufundisha dini na Kiswahili. Ndugu yangu, hutakwepa. Mwalimu wa shule ya msingi huandaliwa kufundisha masomo yote ya ngazi hiyo, na katika shule yenye walimu sita hakuna atakayekuuliza unapenda lipi. Kama sehemu na desimali zilikushinda ukiwa darasa la sita, azima kitabu cha Gredi ya 5 na cha 6 uanze hapo. Si aibu. Mtu aliyehangaika na sehemu kisha akazielewa huwa mwalimu mzuri wake, kwa sababu anajua mahali palipo na shimo. Mimi niliyezielewa haraka ndiye niliyewaacha watoto ishirini shimoni.

Jambo la nidhamu ndilo wazazi huniuliza zaidi. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaweka wazi kwamba kumwadhibu mtoto kwa kumwumiza mwili au akili ni kosa. Shule niliyofundisha fimbo ilikuwa bado ipo kabatini, na sitasimama hapa niseme sikuwahi kuigusa. Niliigusa kwa sababu sikuwa na kitu kingine mkononi. Nyinyi hamtakuwa na kisingizio hicho mkianza kujizoeza leo. Kocha timu ya watoto wa chini ya miaka kumi. Saidia madrasa, saidia shule ya Jumapili, panga foleni ya watoto siku ya harusi. Huko utajifunza kwamba watoto thelathini hawatulii kwa kelele zako. Wanatulia wakijua la kufanya. Utajifunza kutoa maagizo mawili badala ya saba, kumwita mtoto kwa jina badala ya "wewe wa nyuma", na kumpa yule mtundu kazi ya kubeba mipira. Utajifunza kuahidi kitu kidogo na kukitimiza. Mpira wa matambara na filimbi vinafundisha haya yote, na hakuna karo.

Zana za kufundishia nitazipitia haraka kwa kuwa walimu hapa wanajua zaidi yangu. Vifuniko vya chupa, mbegu za maembe, maboksi, magunia ya kuchorea. Mzoee kutazama taka za nyumbani na kujiuliza hii inafundisha nini. Kompyuta vilevile: serikali ilianza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi mwaka 2016, na chuoni utaandika kazi zako kwa kompyuta. Ukijua kuchapa, kupanga jedwali na kutuma faili, umepunguza shida moja. Simu uliyo nayo mfukoni inatosha kuanzia. Ipunguzie video kidogo.

Wanaotaka kujitolea katika shule zetu za chekechea sasa wanisikilize vizuri. Hauingii tu kwa kuwa mwalimu ni jirani yako. Pitia kwa Msimamizi wa Wadi, upate idhini ya mwalimu msimamizi na ya ofisi ya elimu, na utakuwa chini ya mwalimu wa darasa muda wote. Hutabaki na mtoto peke yako kwenye chumba kilichofungwa. Hutapiga picha za watoto na kuziweka mitandaoni, na hilo nalisema mimi mwenye kamera, ambaye huomba ruhusa ya mzazi kila mara. TSC itakapokusajili siku moja itataka cheti cha maadili mema kutoka polisi. Sifa hiyo inaanza kujengwa sasa, si siku ya kuandikisha alama za vidole.

Wazazi nao nina neno kwao. Mtoto wako aliyemaliza kidato cha nne akikaa chini ya mwembe na mtoto wa jirani na vijiti, usimwite akachote maji kila baada ya dakika kumi. Najua kazi ni nyingi, na mbuzi hawajui ratiba. Lakini mpeni hiyo nusu saa, na hasa wasichana, maana nimeona nyumba ambazo mvulana anaachwa asome na msichana anaambiwa ana nafasi.

Kuna swali aliniuliza mama mmoja hapo mlangoni, nami naona nilijibu vibaya kwa haraka. Alisema binti yake hapendi ualimu, ila alama zake hazikufika alikotaka, na ualimu ndio uliobaki. Aende? Nimelifikiria nikiwa nimekaa pale. Siwezi kumwambia asiende. Kati ya walimu walionifundisha vizuri kuna waliokuja kwa njia hiyo na wakakaa maisha yao yote. Lakini mama, kabla ya kuuza ng'ombe kwa miaka 3 ya karo, mwambie afanye huo mwezi mmoja na mtoto mmoja. Kama kila akifika saa ya kumfundisha moyo unakuwa mzito, na mtoto akikosea anachukia mtoto badala ya kulishangaa kosa, basi vyuo anuwai vyetu vina ufundi wa umeme, ushonaji, mapishi, useremala, na hakuna anayeumia fundi akijifunza kwa kukosea kitambaa. Na kama siku moja atarudi jikoni akikwambia, "Mama, leo nimejua kwa nini alikuwa anaandika 35," hapo uza ng'ombe.

Nimeongea kuliko nilivyopangiwa, na mwenye kuandika ratiba ni mimi mwenyewe. Maswali yatajibiwa na walimu, lakini kwanza tutoke nje. Walimu wa Gredi ya 3 wamekuja na watoto wao chini ya mwembe, na wazazi wa watoto hao wapo pale wametoa idhini. Kila mmoja wenu achukue mtoto mmoja, akae naye mahali mwalimu anawaona. Vijiti viko kwenye ndoo ya buluu, uzi uko juu ya meza. Mpeni 53 toa 28. Akikupa 35, usimsahihishe. Mwambie akuonyeshe alivyofanya.